Kisoma kidole kimegoma baada ya sasisho? Usikubali kupigiwa Windows kwanza

Mama mmoja anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi alinijia asubuhi amekumbatia laptopu kama mtoto mwenye homa. Baada ya shikamoo na marahaba akaeleza: "Jana usiku imeanza kuzunguka yenyewe, inaandika asilimia, mara izime, mara iwake, mpaka usingizi ukanichukua. Leo naweka kidole, haitaki. Kijana wa pale stendi kasema dawa yake ni kupiga Windows." Ndani ya laptopu hiyo lilikuwemo daftari lake la mwaka mzima: nani kachukua magunia mangapi, nani kalipa nusu, nani siku hizi hapokei simu. Nakala hakuwa nayo popote. Angepigiwa Windows asubuhi ile, yaani diski ifutwe na Windows iwekwe upya, wadaiwa wake wangecheza ngoma mpaka Ujiji.

Kazi ilichukua robo saa, na sehemu kubwa ya hiyo robo saa tulikuwa tunatafuta namba ya siri aliyoisahau. Kwa hiyo nauandika mwongozo huu kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe: kinachofanyika bure na bila hatari kinatangulia, cha kushika bisibisi kinakuja mwisho kabisa. Ukipona kwenye hatua ya pili, ishia hapo hapo, usiendelee kuchokonoa.

Kwanza elewa kilichotokea

Chini ya kile kibao unachoweka kidole kuna chipu. Juu ya chipu kuna draiva, ambayo ni mkalimani kati ya chipu na Windows. Juu ya draiva kuna huduma ya Windows inayopokea jibu la "ndiye" au "siye", na pembeni kuna hifadhi ya alama ulizosajili. Sasisho likiingia, anayebadilishwa mara nyingi ni mkalimani. Mkalimani mpya huenda haielewi vizuri chipu yako, au hazitambui alama zilizosajiliwa wakati wa mwenzake. Chipu yenyewe nzima, kidole chako kizima, ila hawaelewani.

Kwetu Kigoma naongeza sababu nyingine. Laptopu nyingi tunazotumia ni za mtumba, betri zimechoka, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika sasisho likiwa katikati, draiva inabaki nusu. Kwa hiyo kabla ya lolote, fungua Settings, nenda Windows Update, uone kama kuna sasisho lililokwama au linalosubiri kuwashwa upya. Likimalizika lenyewe huenda tatizo likaondoka nalo.

Kabla hujagusa kitu: namba ya siri

Kidole ni mlango wa uani tu. Mlango mkubwa ni PIN na neno la siri, na Windows haikuruhusu kabisa kusajili kidole bila kuweka PIN kwanza. Watu huisahau kwa sababu wamezoea kidole miezi na miezi. Ingia kwa PIN. Ukiwa umeisahau, kwenye ukurasa wa kuingilia kuna maneno "I forgot my PIN". Yatakuhitaji neno la siri la akaunti yako ya Microsoft, intaneti, na mara nyingi ile namba ya simu au barua pepe uliyojisajilia. Kama laini hiyo ulishaitupa, shughuli yako ya kwanza ni hiyo, kidole kisubiri.

La pili ni BitLocker, kufuli la diski. Kwenye Windows 11 linaweza kuwa limejifunga lenyewe bila wewe kujua. Ukigusa mipangilio ya BIOS, ile programu ya kuwashia inayotangulia Windows, kompyuta inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao data imekwenda. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa simu yako, uandike ufunguo huo kwenye karatasi. Karatasi, nasema. Ukiuhifadhi ndani ya laptopu ile ile ni sawa na kufungia funguo ndani ya nyumba.

Na mtu yeyote akikushauri ubonyeze "Clear TPM" ili kidole kirudi, mshukuru, ondoka. TPM ndiyo chipu ya usalama inayotunza siri za PIN na za BitLocker.

Hatua ya 1: izime kweli kweli

Ukibonyeza Shut down kwenye Windows, kwa kawaida kompyuta haizimiki yote. Kuna kitu kinaitwa Fast Startup kinachoiweka sehemu ya mfumo usingizini ili iwake haraka kesho. Draiva iliyochanganyikiwa inalala imechanganyikiwa na kuamka imechanganyikiwa. Restart ndiyo inayoanza upya, au shikilia Shift huku unabonyeza Shut down.

Ikiwa bado, ondoa umeme wote: izime, chomoa chaja na kila kilichochomekwa, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Rudisha, washa. Kuna siku nimemaliza wateja watatu kwa hatua hii moja, na ni vigumu kudai hela kwa kushika kitufe.

Hatua ya 2: sikiliza inalalamikaje

Watu wengi wanaiparamia draiva bila kusoma kompyuta imeandika nini. Malalamiko ni ya aina mbili, na njia zake ni tofauti.

Aina ya kwanza, kompyuta inaona kidole lakini inakikataa. Taa inawaka au skrini inatikisika, halafu inasema haikutambui. Hapo chipu, draiva na huduma vyote vinafanya kazi, ugomvi uko kwenye alama.

Aina ya pili, ukifungua Settings, Accounts, Sign-in options, sehemu ya kidole imefifia, au inakwambia haioni kisoma kidole kinachofaa. Hapo ugomvi uko chini: huduma, draiva, au chipu yenyewe. Ruka hatua ya 3, nenda ya 4.

Ikiwa ni kompyuta ya ofisi na juu ya ukurasa imeandikwa kwamba mipangilio inasimamiwa na taasisi yako, usijisumbue. Huenda mkuu wa mifumo ameizima kwa makusudi. Mwone afisa TEHAMA.

Hatua ya 3: kidole kinaonekana lakini kinakataliwa

Anza na kidole. Visoma vingi vya laptopu hupima tofauti ndogo ya chaji ya umeme kati ya michirizi ya ngozi na mabonde yake. Mafuta ya mawese yakitanda juu ya kioo, mabonde yanajaa. Ngozi ikikauka na kupasuka wakati wa kiangazi, michirizi inakatika. Anayeshika dagaa wa chumvi au saruji kila siku, michirizi yenyewe imelika. Mnaokumbuka foleni za kusajili laini kwa alama za vidole, ule ukomo wa tarehe 20 Januari 2020, mnakumbuka tulivyokuwa tunafuta kidole kwenye shati na kurudia, tunafuta na kurudia. Ni mambo yale yale.

Futa kibao kwa kitambaa laini kikavu. Kama kina utando, lowesha kitambaa kidogo kwa spiriti, na kompyuta iwe imezimwa. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke kabisa. Jaribu.

Ikikataa, futa alama za zamani usajili upya. Settings, Accounts, Sign-in options, Fingerprint recognition, kisha Remove. Washa upya kompyuta kabla ya kusajili. Ukiunganisha yote mawili kwa pupa, wakati mwingine alama ya zamani inabaki imeshikwa. Halafu Set up, weka PIN, na usajili bila haraka: katikati ya kidole, kisha ncha, kisha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa namna ile ile utakavyokigusa ukiwa umekaa na haraka zako. Wengi husajili kidole kwa unyenyekevu kama wako mbele ya hakimu, kesho yake wanakigusa kwa upande wakiwa wamesimama.

Sajili zaidi ya kimoja. Windows inakubali mpaka vidole 10 kwa mtumiaji mmoja. Yule mama tulimsajili kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambacho hakishiki gunia wala kisu, na kidole gumba kama akiba.

Hatua ya 4: haionekani kabisa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, Enter. Shuka mpaka Windows Biometric Service. Bonyeza mara mbili, Startup type iwe Automatic, kama imesimama bonyeza Start. Rudi Sign-in options uangalie. Hii ni dakika moja tu, ndiyo maana naitanguliza.

Sasa draiva. Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager. Tafuta kundi linaloitwa Biometric devices.

Kundi likiwepo na kifaa kina pembetatu ya njano, au hakina alama lakini hakifanyi kazi, kibonyeze mara mbili, nenda kwenye Driver. Kuna kitufe Roll Back Driver. Kikibonyezeka, hiki ndicho unachokitafuta: kinarudisha mkalimani wa zamani aliyekuwepo kabla ya sasisho. Washa upya, jaribu. Kikiwa kimefifia, maana yake Windows haikutunza draiva ya zamani. Basi chagua Uninstall device, na mara hii ya kwanza usiweke tiki kwenye kisanduku cha kuiondoa draiva yenyewe. Washa upya. Windows itakiona kifaa kama kigeni na kukipangia upya.

Hapo hapo angalia kama kuna sehemu ya Power Management. Ikiwepo, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Hii ni dawa ya wale wanaosema "kidole kinakubali nikiwasha, ila nikifunga laptopu na kuifungua kinakataa". Kifaa kimelala na hakiamki. Baada ya masasisho nimekuta tiki hiyo imerudi yenyewe, kwa hiyo hata kama uliwahi kuiondoa, irudie kuiangalia.

Kundi lisipokuwepo, angalia Other devices. Ukikuta Unknown device, huyo anaweza kuwa ndiye. Ifungue, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona maandishi yenye VID_, kitambulisho cha kampuni iliyotengeneza chipu, ikifuatwa na herufi na tarakimu nne. 27C6 ni chipu ya Goodix, 06CB ni Synaptics, 138A ni Validity, 04F3 ni Elan. Ukilijua jina hilo hutapakua draiva kwa kubahatisha. Elan hutengeneza pia vibao vya kipanya, kwa hiyo kuona 04F3 peke yake hakutoshi. Linganisha na orodha ya vifaa vya modeli yako.

Draiva upate wapi? Kwanza pale pale kwenye Windows: Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Hapo mara nyingi kuna draiva zinazosubiri uziteue mwenyewe. Pasipokuwa na kitu, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, uingize namba ya mfululizo iliyobandikwa chini ya mashine, yaani ile serial number, upakue draiva ya kidole ya modeli hiyo. Kisoma kidole cha modeli moja kinaweza kuja na chipu za kampuni mbili tofauti, ndiyo maana nimekuhangaisha na VID. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote kwa kubonyeza mara moja ziepuke. Zitakula kifurushi chako, zitaweka draiva ya jirani, na zitadai ulipe.

Hatua ya 5: hifadhi ya alama imeharibika

Fika hapa ikiwa kifaa kinaonekana vizuri, huduma inaendesha, lakini kusajili kidole kunagoma katikati au kunatoa kosa lisiloeleweka. Fungua services.msc, simamisha Windows Biometric Service. Nenda C:\Windows\System32\WinBioDatabase. Usifute mafaili yaliyomo. Yahamishie kwenye folda nyingine, mathalani Documents. Anzisha huduma tena, kisha sajili vidole upya. Vidole vya watumiaji wote wa kompyuta hiyo vitasajiliwa upya, kwa hiyo kama mnaishirikisha na mume au mdogo wako, mwambie kabla hajaanza kulaumu.

Hatua ya 6: kuliondoa sasisho lenyewe

Ikiwa una hakika kwamba jana kilikubali na leo kimekataa, na uliyofanya yote hayakusaidia, rudi nyuma. Settings, Windows Update, Update history, Uninstall updates. Chagua la tarehe ile tu. Kama lililoingia lilikuwa toleo zima jipya la Windows, kuna njia ya Settings, System, Recovery, Go back, lakini kwa kawaida ina siku 10 tu tangu kusakinisha. Siku ya kumi na moja kitufe hakibonyezeki, kwa hiyo hatua hii usiichelewe kwa kungoja "labda kitajirekebisha".

Ukishaliondoa, sitisha masasisho kwa wiki moja au mbili kwa Pause updates, lisije likajirudisha usiku ule ule. Baadaye yaruhusu tena, maana masasisho ya usalama yana kazi yake. Na wenye Windows 10 wajue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Draiva mpya zitazidi kuadimika upande huo.

Laptopu ya mtumba ina mgeni ndani

Hili nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu linawapata wengi mjini hapa na mafundi wanalikosea. Chipu nyingi za siku hizi zinatunza alama ndani yake zenyewe, si kwenye diski. Ukinunua mashine iliyotoka ofisi fulani ng'ambo, diski imefutwa, Windows mpya, lakini ndani ya chipu vidole vya mwenye nyumba wa zamani bado vimekaa. Kwa muda mrefu havikusumbui. Inakuja draiva mpya inayokagua hifadhi ya chipu kwa ukali zaidi, inakuta imejaa au ina alama zisizo na mwenyewe, inagoma kusajili. Hata ukipiga Windows mara saba, vidole vile havitoki, kwa sababu havikuwa kwenye Windows.

Dawa iko kwenye BIOS. Kwanza sitisha BitLocker: andika "Manage BitLocker" kwenye utafutaji, chagua Suspend protection. Ikiwa toleo lako la Windows halina chaguo hilo, hakikisha ile karatasi ya tarakimu 48 iko mkononi. Washa upya na ubonyeze kitufe cha kuingilia BIOS, ambacho hutegemea kampuni: F1 kwenye ThinkPad, F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell. Kwenye Security tafuta neno Fingerprint. ThinkPad zina Reset Fingerprint Data kabisa. Bonyeza, hifadhi, toka. Ukiwa humo hakikisha pia kisoma kidole kimewashwa, maana sasisho la BIOS linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani. Usiguse kingine.

Wenye Ubuntu na ndugu zake wa Linux

Ninyi ni wachache, nitakwenda haraka. Kazi ya kidole inafanywa na huduma ya fprintd ikitumia libfprint, ambayo ndiyo yenye draiva za visoma kidole. Baada ya kupandisha toleo, fungua terminali:

lsusb

Uone kama chipu ipo kwenye orodha, kwa zile namba nilizotaja juu. Ikiwepo:

fprintd-list $USER
fprintd-delete $USER
fprintd-enroll
fprintd-verify

Kama verify inakubali lakini ukurasa wa kuingilia hauombi kidole, tatizo ni PAM, sehemu ya mfumo inayoamua mtu aingie kwa njia gani. Andika sudo pam-auth-update, uweke nyota kwenye Fingerprint authentication, thibitisha. Hili ndilo ninalolikuta zaidi baada ya kupandisha toleo.

Ukiandika systemctl status fprintd ukaona inasema inactive, usishtuke. Huduma hii huamshwa inapohitajika na kulala yenyewe baada ya muda mfupi. Makosa ya kweli utayaona kwa journalctl -u fprintd -b. Programu ya ndani ya chipu nayo hupata masasisho kupitia fwupdmgr refresh kisha fwupdmgr update. Chaja iwe imechomekwa na betri ina chaji ya kutosha. Ukishuku kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, washa upya, kwenye menyu ya GRUB ingia Advanced options uchague ya zamani, ulinganishe. Si kila chipu inaungwa mkono na libfprint, za Validity za zamani hasa, kwa hiyo kabla ya kuhangaika siku nzima tazama orodha yao ya vifaa.

Kuingia kwa kidole kisha kompyuta ikakuuliza neno la siri la keyring si hitilafu. Kidole hakiwezi kufungua ile hazina ya maneno ya siri. Inahitaji neno lenyewe.

Hatua ya mwisho: waya

Kisoma kidole kisipoonekana kwenye Device Manager, wala Other devices, wala lsusb ya Linux uliyoiwasha kutoka kwenye flashi, hapo sasisho halina kosa. Limesadifiana tu na waya mwembamba bapa unaounganisha kibao na ubao mama, uliolegea kwa mtikisiko au kwa fundi aliyewahi kufungua mashine kubadilisha kibodi. Muulize mwenye laptopu iliwahi kufunguliwa lini. Nusu ya jibu huwa hapo. Kuurudisha waya ni kazi ya fundi anayefungua laptopu kila siku, na betri ichomolewe kwanza. Kwenye mashine ambazo kisoma kidole kimo ndani ya kitufe cha kuwashia, kosa dogo linaweza kukuacha huwezi hata kuiwasha, kwa hiyo mwambie fundi akuoneshe kitufe kinafanya kazi kabla hajafunga skrubu, na wewe simama pale pale dirishani mpaka uone inawaka.